Seva Haijafa, Inangoja

Fundi hakugusa kitu. Aliweka begi mezani, akavuta kiti, akamwuliza karani wa rekodi wa kituo cha afya: nani aliyeiona seva kwanza ikiwa imekwama, saa ngapi, akifanya nini? Karani akaeleza kwamba alifungua ofisi saa mbili kasorobo, akaanza kumsajili mgonjwa wa kwanza, na skrini ikaganda pale pale. Stima ilipotea usiku? Mlinzi akaitwa, akasema haikupotea. Fundi akayaandika yote katika daftari, saa kwa saa, na mbele ya neno “stima” akapiga mstari. Sababu moja ilikuwa imeondoka kabla hata kibodi haijaguswa.

Kituo hiki cha afya kiko Uriri, kaunti ya Migori, karibu na barabara kuu inayotoka Kisii ikapita Rongo na Awendo kuelekea Migori mjini na mpaka wa Isebania. Seva yake ni kasha jeusi chini ya meza. Ndani yake mna KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Mfumo huu unaweza kufanya kazi bila intaneti, kwa kuwa data zinakaa humo humo kituoni. Migori, Homa Bay, Kisumu na Siaya ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini, kwa hiyo kasha lile limebeba mambo mazito: nani anatumia dawa zipi, arudi lini, kipimo cha mwisho cha virusi kilisemaje. Kila usiku saa nane mfumo hunakili hifadhidata nzima na kuipeleka kwenye diski ya nje, ile ndogo ya kuchomeka kwa kebo ya USB. Wote pale huiita bakapu.

Ndipo fundi akainama. Akaweka kiganja juu ya diski ile, akasikiliza. Feni ya seva ilivuma sawasawa. Diski ikatoa mlio mdogo, tik, ikanyamaza, ikatoa tena. Hakuichomoa. Wengi hapo wangebonyeza kitufe na kuizima seva, na mara nyingi ingeamka salama. Lakini hifadhidata iliyokatwa katikati ya kuandika inaweza kuumia, na mashine ikizimwa, sehemu ya ushahidi huenda nayo.

“Imekufa, dada?” daktari akauliza akiwa mlangoni, foleni ikiwa imejaa barazani nyuma yake.

“Haijafa, daktari. Inangoja.”

Akamgeuzia skrini. Prosesa ilikuwa karibu haina kazi, na bado foleni ya kazi ilikuwa ndefu kupita kiasi. Fundi akasema ni kama trekta la miwa lililokwama njiani Awendo: magari yote yaliyo nyuma yake ni mazima, ila hakuna linalosogea. Sasa kazi yake ilikuwa kulipata trekta lenyewe. Akaorodhesha kazi zote zinazoendelea na kidole chake kikasimama kwenye herufi D. Katika Linux, herufi hiyo huonyesha kazi inayosubiri kifaa kijibu, na kazi ya namna hiyo haisikii hata amri ya kufa. Ilikuwa ni ile ya bakapu.

Akafungua kumbukumbu za mfumo na kuzisoma kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa kosa la kwanza ndilo lenye maana. Mengi yanayofuata huwa ni watoto wake. Muda mfupi baada ya saa nane usiku, diski ya nje ilikatika, ikaunganishwa upya, ikakatika tena, halafu yakafuata makosa ya kusoma na kuandika. Akahakikisha jina la kifaa mara mbili: sdb, ya nje. Diski ya ndani, sda, haikuwa na kosa hata moja. Herufi moja tu inazitenganisha, na amri iliyoelekezwa kwenye herufi isiyo yake ingeweza kuwapotezea watu historia ya matibabu yao. Nilimwona akilisoma jina lile kwa sauti kabla ya kubonyeza chochote.

Lakini kwa nini diski ya pembeni iwazuie watu wasisajiliwe? Jibu alilipata ndani ya hifadhidata yenyewe. Programu ya kunakili, ili isikute data zinabadilika mkononi mwake, hufunga majedwali kwanza, hunakili, kisha hufungua. Usiku ule ilifunga, ikaanza kuandika, diski ikaacha kujibu. Katika orodha ya miunganisho kulikuwa na mstari mmoja uliosinzia kwa zaidi ya sekunde 23,000, kufuli zote zikiwa bado mikononi mwake. Nyuma yake walisimama makarani wote wa kituo.

Fundi hakupambana na kazi isiyosikia amri. Alikwenda upande wa pili, upande wa hifadhidata, akaukata muunganisho ule mmoja. Kufuli zikaachiliwa. Karani akapaza sauti: “Imefunguka!” Ni hapo tu ndipo fundi alipoiondoa diski kwenye mfumo kwa amri, kisha akaichomoa kwa mkono, taratibu, akishikilia kichwa cha kebo, si waya. Seva haikuzimwa hata kidogo.

Angeweza kuondoka wakati huo na kusifiwa. Alibaki, na kwangu hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana zaidi. Alikagua ukubwa wa mafolda akagundua jambo lingine: siku za nyuma diski iliwahi kujitoa yenyewe, na nakala zikaendelea kuandikwa kwenye folda tupu yenye jina lile lile, ndani ya diski ya seva. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo sana. Wiki chache zaidi na mfumo ungesimama kwa kushiba.

Kisha diski mgonjwa. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: kebo kwanza, halafu tundu la USB, halafu kompyuta. Mlio ukabaki ule ule. Akasoma hesabu za afya za diski hiyo. Namba 199, ambayo hupanda mawasiliano ya data yakiwa na kasoro, ilikuwa sifuri. Namba 5 na 197, zinazohesabu sehemu zilizokwisha kuhamishwa na zinazosubiri hukumu, zilikuwa zimepanda. Kebo haikuwa na hatia. Akaanza kuokoa nakala za zamani kwa programu ya ddrescue, ambayo huchota kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zilizoharibika, kisha huzirudia, ikiweka ramani ya ilikofika ili stima ikipotea isianze upya. Kazi hiyo aliiacha usiku kucha, na aliifanyia palepale kituoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na yeye hazipeleki dukani kwake.

Mgonjwa wa mwisho alipoondoka ndipo alipoiwasha seva upya bila diski, makusudi. Ikasimama sekunde 90 ikiitafuta, kisha ikagoma, ikidai nenosiri la msimamizi. Alilitarajia. Akaongeza neno moja, nofail, kwenye faili ya orodha ya diski, akawasha tena, ikapanda bila kusita. Akachomeka diski mpya iliyofungwa kwa nenosiri, akachukua nakala, akairudisha kwenye kompyuta nyingine na kumwomba karani afungue faili la mgonjwa aliyehudumiwa siku ile. Likafunguka, tarehe ya kurudi ikiwa mahali pake. Hapo ndipo alipoandika “imekwisha” katika daftari.

Wasimamizi wa vituo vya Migori na Homa Bay, ninyi mnaosaini bajeti: nunueni diski mbili zipokezane, na moja ikae mbali na seva. Na fundi akiwaomba nusu siku ya kujaribu kuirudisha nakala, mpeni, na mumlipe.