Wine: Jinsi Programu za Windows Zinavyofanya Kazi Ndani ya Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazitimizi masharti ya Windows 11, likiwamo la kuwa na moduli ya usalama ya TPM 2.0. Linux inazimudu bila taabu. Kinachowakwamisha wengi ni programu moja ya kazini, pengine ya hesabu au ya stoo, iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. Wine iliundwa kuondoa kikwazo hicho, na imefika ilipofika kwa kushikilia kanuni moja: kila ombi la programu lijibiwe kama Windows inavyolijibu, hata pale jibu la Windows linapokuwa na kasoro.

Programu ya Windows na ya Linux, zikiwa kwenye prosesa ya aina moja, hutumia maagizo yaleyale. Zinaachana pale zinapohitaji huduma ya mfumo: kufungua faili, kuchora dirisha, kutuma data. Kwa hiyo Wine haina haja ya kuigiza kompyuta nzima. Hupakia faili la .exe kwenye memori na kuiacha prosesa ilitekeleze moja kwa moja. Palipokuwa na maktaba za Microsoft, kama kernel32, user32 na ntdll, huweka zake zenye majina yaleyale na zinazoitwa kwa namna ileile, ila msimbo wa ndani umeandikwa upya.

Tuchukue ombi la kufungua C:\Hesabu\Mauzo.xls. Linux haina diski C. Ndani ya folda iliyofichwa ya .wine, kwenye dosdevices, kuna kiungo kinachoitwa c: kinachoelekeza kwenye folda ya drive_c, na hapo ndipo Wine hulitafuta faili. Lakini kwa Windows, “Mauzo” na “mauzo” ni jina moja. Kwa Linux ni mawili. Jina lisipopatikana kama lilivyoandikwa, mara nyingi Wine hulazimika kupitia orodha ya folda nzima na kulinganisha jina baada ya jina.

Kazi ilianza mwaka 1993 chini ya Bob Amstadt, na mwaka uliofuata Alexandre Julliard akashika uongozi. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baadaye. Muda huo ulihitajika, kwa sababu nyaraka za Microsoft hazielezi kila kitu, na wachangiaji wa Wine hawaruhusiwi kunakili msimbo wa Windows. Njia yao ni kuandika jaribio dogo, kuliendesha kwenye Windows halisi, kisha kurekebisha Wine mpaka itoe jibu lilelile. Ukiipa huduma fulani thamani isiyofaa, inarudisha namba gani ya kosa? Huenda kuna programu inayotegemea namba hiyo hiyo. Majaribio hayo huhifadhiwa, na mabadiliko mapya hupimwa nayo. Naiona nidhamu hii kuwa ndiyo nguzo ya mradi mzima.

Usahihi ulipopatikana, ikabaki kasi. Philip Rebohle alitengeneza DXVK, inayogeuza maombi ya michoro ya Direct3D kuwa ya Vulkan, na mwaka 2018 kampuni ya Valve ikaiingiza kwenye Proton, mfumo wake wa michezo uliojengwa juu ya Wine. Ugumu mwingine ulikuwa kwenye nyuzi za programu zinazosubiriana. Kwa miaka mingi maombi ya kusubiriana yalipitia wineserver, programu ya Wine inayofanana na karani mmoja wa masjala anayehudumia foleni nzima. Elizabeth Figura aliandika NTSYNC, iliyoingia kwenye Linux 6.14 mwezi Machi 2025, na sasa kiini cha Linux chenyewe kinaweza kusimamia kusubiriana huko kwa taratibu za Windows.

Mipaka ipo. Wine haifanyi kazi ndani ya kiini, kwa hiyo programu zinazodai draiva zao za Windows, kama baadhi ya mifumo ya kuzuia udanganyifu kwenye michezo, hukwama. Usalama nao ni jukumu lako: kwa kawaida diski Z ya Wine huelekeza kwenye mzizi wa Linux, hivyo kirusi cha Windows kinaweza kufikia mafaili yako binafsi.

Kabla ya kufuta Windows, ijaribu programu yako kwenye Linux kwa kazi halisi: ingiza kumbukumbu, hifadhi, chapisha risiti, fungua mafaili ya zamani. Tenga folda ya Wine kwa kila programu kwa kutumia WINEPREFIX, ili marekebisho ya moja yasiiharibu nyingine. Programu ikifaulu hatua zote hizo, hama. Ikikwama kwenye hata moja unayoitegemea, bakiza Windows kando mpaka upate mbadala.