Dawa Inayoganda kwa Joto

Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, jua likipanda yakayeyuka. Samli vivyo hivyo. Dawa ninayoisifu hapa imeigeuza kanuni hiyo: ikiwa baridi hutiririka, ikikutana na joto la mwili huganda. Wala si kama yai, ambalo likishaiva halirudi tena; hii ukiipoza, inarudi kuwa majimaji.

Inaitwa Jelmyto. Iliidhinishwa Marekani Aprili 2020 kwa saratani ya daraja la chini inayoota ndani ya figo, pale mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka kibofuni. Adui wa tiba mahali hapo ni mkojo wenyewe: dawa ya maji ukiimimina, inasombwa kabla haijashika. Ndiyo maana wagonjwa wengi wametolewa figo nzima pamoja na mrija wake.

Ufundi umo kwenye poloksama 407, polima ambayo ncha zake mbili hupenda maji, lakini sehemu ya katikati huyavumilia kwenye baridi tu. Joto likipanda, sehemu hiyo huyakimbia maji. Minyororo hujikusanya kuwa vitonge vidogo mno, na vitonge vikabanana hadi kimiminika chote kikasimama. Hakuna kilichoungua, hakuna kemikali mpya iliyozaliwa. Ni kujipanga tu! Kila nikilifikiria hilo nastaajabu upya.

Kisha inakuja kazi ya mikono. Mfamasia huchanganya jeli hiyo ya poloksama na mitomaisini, dawa ya saratani yenye rangi ya zambarau, huku akiilinda kwa ubaridi. Kabla ya kuingizwa lazima iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, la sivyo itagandia kwenye bomba la sindano. Daktari amekwisha kupima kwa eksirei nafasi iliyomo ndani ya figo, maana kipimo hakizidi mililita 15. Anaisukuma kupitia katheta, bila kusitasita. Humo ndani hujaza kila kona na kushika umbo lake, kisha mkojo unaimega taratibu kwa saa 4 hadi 6. Mara moja kwa juma, majuma 6.

Haikosi madhara: katika jaribio la wagonjwa 71, 31 walipata tatizo la kusinyaa kwa mrija wa figo. Lakini walipochunguzwa baada ya matibabu, 42 hawakuonekana na saratani, na figo ilikuwa bado mahali pake.