Masomo ya kupika mu shule: mwanzo uko wapi?

Fungueni kaye ya upishi ya musichana wa sekondari hapa kwetu Bukavu. Ukurasa wa kwanza mutakuta keki: farini gramu 250, sukari gramu 125, mayai 3, siagi, kisha "tia mu furu". Ukurasa wa pili, mayonezi. Nyumbani kwao furu hakuna. Kuna mbabula moja na makala yenye mama anahesabu. Mutoto ameandika vizuri, amepata pointi zake, lakini hajui kupima kama mafuta imepata moto wa kutosha kwa mandazi.

Urithi huu tunajua ulitoka wapi: zile foyer social za wakati wa Wabelgiji, ambamo bibi za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupasi na kupika kwa namna ya Ulaya. Sisemi keki ni mbaya. Inaiva hata ku mbabula: sufuria nzito, muchanga ndani, makala kidogo chini na mengine juu ya kifuniko. Lakini hiyo, nani ameiandika mu kaye?

Wale wanaosema tuache kaye, turudilie mama zetu, nao siwafuati moja kwa moja. Mama anafundisha kwa mukono: "Angalia." Kwa bugali njia ile inashinda kitabu, juu mwiko unazidi kuwa muzito mu mukono, na uzito ule hauandikwi. Ila mama mara nyingi hasemi sababu. Na ku muhogo, sababu njo maisha.

Muhogo muchungu uko na sumu ya sianidi. Kuuloweka siku 3 ao 4, kisha kuuanika, kunaondoa sehemu kubwa ya sumu ile. Mwenye hajui hivyo, njaa ikimusukuma ao muchuuzi akimungojea, analoweka siku 1 tu. Konzo inatokea hapo: miguu inapooza kwa ghafula, na hairudi kama zamani. Inashika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, mahali watu wanakula muhogo karibu peke yake, bila samaki wala maharagi. Daktari Trolli aliiandika mu 1938 kule Kwango. Jina ni la Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa. Kivu ya Kusini nayo imeonekana, mu miaka ya vita.

Sombe ni vilevile. Mutoto wa mujini anazani tunatwanga juu ya kulainisha tu. Kutwanga kunavunja majani ili sumu itoke, na kuchemsha kwa muda murefu kunaifukuza. Kuna pia njia iliyojaribiwa Kwango: unga wa muhogo unaloweshwa, unatandazwa mwembamba saa 2 ku jua ao saa 5 mu kivuli, sumu inapotea mu hewa, kisha unapikwa siku ileile. Ni somo la nusu saa, haliombi furu wala siagi. Ningeliweka mbele ya mayonezi bila kuuliza mutu.

Na wavulana? Saa ya upishi wanatumwa ku kiwanja. Kisha mwaka wa kwanza wa iniversite, mu chumba cha kupanga, wanabisha mulango wa jirani kuuliza maji ya mchele inapimwa namna gani.