Gauni la Wino

Fundi cherehani akikosea kukata, mteja ataliona kosa kwenye kioo: bega limekwenda upande, pindo limepanda nyuma. Ai Yazawa hana mteja wa kuvaa. Ana kalamu, wino mweusi na karatasi, na humo anatakiwa atoe gauni ambalo msomaji ataapa kwamba lina bitana, lina zipu mgongoni, na lina uzito wa kumchosha anayelivaa. Nimezirudia juzuu za manga yake, Paradise Kiss, mara nyingi, na kila mara najikuta nimeiacha hadithi mahali fulani, nimeinamia ukurasa, nachunguza mishono.

Manga ninayoisema haina undugu na ile ya pilipili manga. Hii ni hadithi ya picha ya Kijapani, na Yazawa ni miongoni mwa mabingwa wake. Aliwahi kusoma chuo cha mitindo Osaka, akakiacha njiani. Chuo alikiacha, lakini mkono ulikuwa umeshajifunza. Ukiangalia anavyochora mkono wa koti ukipinda kwenye kiwiko, utajua huyu anafahamu kitambaa kimekatwa wapi na kimeunganishwa wapi.

Shujaa wa hadithi, Yukari Hayasaka, ni mwanafunzi wa sekondari jijini Tokyo, anayekesha na vitabu kwa ajili ya mitihani ya chuo kikuu kwa kuwa mama yake ndivyo anavyotaka. Siku moja barabarani anasimamishwa na kijana aliyejitoboa mdomo kwa pini. Anatimua mbio, anamgonga mtu mrefu aliyevalia kifahari, anazimia. Kuzinduka, yuko kwenye chumba cha chini ya ardhi kilichokuwa baa. Sasa ni karakana ya wanafunzi wa shule ya sanaa wanaotafuta mwanamitindo wa kuvaa kazi yao kwenye onyesho la shule. Yukari anawaona wahuni wasio na kazi. Wao wanamwona yeye ndiye.

Hapo ndipo kazi ya mchoraji inapokuwa ngumu. Yukari ni mrefu, ni mzuri, na kila mtu analijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Mwandishi wa riwaya angetuambia tu kwamba binti hajiamini, akaendelea na safari yake. Mchoraji afanyeje, na sura nzuri tunaiona kwa macho yetu? Yazawa anampa Yukari sauti mbili. Ile anayoitoa mdomoni imo ndani ya puto la maneno, kali na yenye majivuno. Ile ya moyoni imeandikwa nje ya puto, inaelea pembeni ya uso wake, na mara nyingi inaikanusha ya kwanza. Unazisoma zote mbili kwa wakati mmoja, majivuno na woga, kama vile umemfumania mtu akijisemea peke yake.

Kisha yako mambo ya vipimo, na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Wachoraji hupima mwili kwa vichwa. Mtu mzima wa kawaida ni kama vichwa saba na nusu. Michoro ya mitindo humvuta hadi tisa hivi ili nguo ipate mahali pa kushukia. Yazawa huwachora watu wake kwa vipimo hivyo vya mitindo, miguu isiyokwisha na shingo kama ya korongo. Lakini Yukari akiaibika, ghafla kwenye fremu inayofuata amenywea kuwa kikaragosi cha urefu wa vichwa viwili, hana hata vidole. Msomaji anacheka. Baada ya kurasa chache unagundua kwamba umekuwa ukitazama jinsi binti huyu anavyojiona: sasa twiga, sasa kijidoli. Mzaha umefanya kazi ambayo sura nzima ya maelezo isingeifanya.

Ana kasoro, sikatai. Mikono ya watu wake ni myembamba kama ufito, na binti asiyeupenda mwili wake akikaa sana na picha hizi huenda akauchukia zaidi. Na George, mbunifu mkuu wa kundi lile, ni mwanamume ambaye shangazi yangu asingemruhusu kuvuka kizingiti, pamoja na makoti yake yote mazuri.

Hadithi ilitoka kuanzia 1999 hadi 2003 kwenye Zipper, na Zipper lilikuwa jarida la mavazi, la wasichana wa mitindo ya mitaani ya Harajuku, Tokyo. Hebu fikiria wasomaji wale. Wamefunua ukurasa wa picha za nguo halisi, wanafunua mwingine wanakutana na nguo za wino. Kola ya uongo wangeigundua kabla hata ya kusoma maneno.

Gauni la onyesho ni la buluu, lenye mawaridi ya buluu, na kurasa ni nyeusi na nyeupe. Buluu ataitoa wapi? Wachoraji wa manga wana karatasi nyembamba za gundi zilizochapwa vitone. Huzibandika juu ya mchoro, huzikata kwa kiwembe kwa kufuata mstari, halafu huzikwangua taratibu pale mwanga unapotakiwa kuangukia. Vitone vikisongamana, kivuli. Vikikwanguliwa, hariri inang'aa. Ndani ya hadithi wanafunzi wanayahangaikia mawaridi yale, na nje ya hadithi kuna mkono mwingine ulioyapitia petali kwa petali, fremu baada ya fremu, maana gauni likishavaliwa lazima lichorwe tena kila mvaaji anapogeuka. Fundi wa kweli hulishona mara moja.

Katuni ya televisheni ya vipindi 12 ilitoka 2005, na 2011 ikaja filamu, Keiko Kitagawa akiwa Yukari, na gauni limeshonwa kwa kitambaa unachoweza kukishika. Lilikuwa zuri. Kwangu mimi la wino bado ndilo zito zaidi.

Juzuu ya mwisho inakimbia kuliko ningependa, kama fundi aliyeambiwa sikukuu ni kesho. Yukari anaolewa na nani, sisemi. Juzuu ni 5 tu. Ukizikuta zimepangwa kwa mtindo wa Kijapani, anzia kulia kwenda kushoto: aliyepita madrasa hatababaika, na wengine mtazoea kabla ya ukurasa wa kumi.