Kiti Kilichovaa Mifupa Nje

Kila kiti huweza kumpokea mtu aliyechoka, lakini si kila kiti husema kweli juu ya namna kilivyoundwa. Viti vinene vya sebuleni vya Ulaya katika karne ya 19 vilificha mbao, misumari, springi na singa za farasi chini ya vitambaa vya fahari. Mgeni aliuona ukwasi wa mwenye nyumba; kazi ya fundi hakuiona.

Mwaka 1928, mjini Paris, watu watatu waliipindua desturi hiyo. Nao ni Charlotte Perriand, Le Corbusier na Pierre Jeanneret. Kiti chao, ambacho jina lake la Kifaransa lina maana ya raha kubwa, kilionyeshwa kwa umma mwaka 1929. Mabomba ya chuma yaliyopindwa yamefanya kizimba, na ndani ya kizimba hicho imepangwa mito minene: wa kukalia, wa kuegemea, na ya kuwekea mikono. Mito haikupigiliwa misumari. Imeshikwa na chuma kama matunda yashikwavyo na kikapu. Ukiitoa, hubaki kiunzi kitupu. Mwili wa mtu huficha mifupa ndani ya nyama; kiti hiki kimeivaa nje.

Uzuri wake umo katika mgawanyo huo wa kazi. Chuma hubeba, mto hupokea, wala kimoja hakijifanyi kingine. Hakuna nakshi ya kumpumbaza mtazamaji, na jicho huridhika kwa sababu akili imeelewa.

Lakini sifa isitupofushe. Kimo cha kiti kidogo cha aina hii ni kama sentimita 67 tu, hata mabega na kichwa cha mtu mrefu hukosa pa kupumzikia. Umbo la mchemraba limependelewa kuliko mgongo wa mkaaji, na raha ni ndogo kuliko jina lake.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kiti hiki kina sura ya kitu cha kiwandani, nacho kilizaliwa wakati wasanifu wengi walipotumaini kwamba mashine ingewapatia watu wengi vyombo bora. Kumbe kulehemu mabomba, kulainisha viungo na kushona ngozi kulihitaji mikono stadi, na mikono hiyo iliongeza gharama. Kampuni ya Cassina ya Italia inakitengeneza tangu mwaka 1965, na hadi leo ni kiti cha wenye mali.

Tena, Perriand alijiunga na ofisi ya Le Corbusier mwaka 1927, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na samani zikawa kazi yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu walikitaja kiti hiki kwa jina la Le Corbusier peke yake, na herufi mbili za jina hilo ndizo zilizokuwa alama yake sokoni.

Basi kiti kilichofichua mifupa yake kiliendelea kuficha mikono iliyokiunda. Tukisifu kwa haki unyofu wa chuma chake, tudai unyofu uo huo katika bei yake na katika majina ya waliokifanya. Msomaji anayepima kazi ya sanaa na atazame kwa makini kile inachoonyesha, kisha aulize ni nani aliyeachwa gizani.