Sifa za Mlezi Kabla ya Mafungo

Mafungo ya vijana yakifana, shukrani humwendea mtoa mafungo: padre au mtawa aliyesimama mbele akatoa tafakari. Anastahili. Lakini mimi namsifu mlezi, yule aliyeanza kazi wiki nyingi nyuma, na ambaye siku yenyewe huonekana tu akitafuta ufunguo wa bweni.

Chukua parokia ya Dar es Salaam inayowapeleka vijana wake Bagamoyo. Mlezi hodari huanzia kwa wazazi. Anapiga hodi jioni, anakaribishwa kibarazani, anaeleza watalala wapi, nani atakuwa na wasichana, watarudi lini. Fomu ya ruhusa angeweza kumpa kijana aipeleke nyumbani. Ila ni pale kibarazani anapodokezwa kwamba binti huyu amefiwa na mama yake, na kwamba kaka yule hajakanyaga kanisani tangu apate Kipaimara. Hayo hayaandikwi kwenye fomu. Atayatunza moyoni, kisha atampangia binti kitanda jirani na dada mtulivu. Na mchango je? Kwa asiye nao, mlezi anajua aende kwa nani, ili kijana apande basi kama wenzake na asiwepo wa kujua nani kamlipia. Ustadi huu wa kusitiri naustahi kuliko mwingine wote.

Mahali napo hapachaguliwi ovyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa na kuwapa makazi. Makaburi ya wamisionari yapo pale pale, na wengi wao walikufa wangali vijana. Mlezi anayeijua kazi yake haimalizi habari hiyo ndani ya basi kwa kipaza sauti. Anawaacha wapite wenyewe kati ya makaburi, polepole, kila mmoja na lake.

Kisha ratiba, na hapa ndipo pagumu. Kamati ya vijana inataka kwaya, semina ya uchumba, mpira ufukweni, mkesha. Vyote vizuri, na vyote pamoja havimwachii Mungu nafasi ya kusema neno. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anamtaka anayeongoza asijiingize kati, amwache Muumba na kiumbe wake. Kwa hiyo mlezi anapunguza. Anabishana kwa upole, anakubali mpira, anaondoa semina, anailinda saa nzima ya alasiri isiyo na mzungumzaji.

Tena hawatupi vijana ndani ya kimya ghafla. Huwazoesha Jumapili baada ya mkutano, dakika tano, baadaye kumi, simu zikiwa zimekusanywa mezani. Injili ya Marko yasimulia jinsi mitume walivyoitwa kando wapumzike, umati ukawatangulia kufika. Siku hizi umati unasafiri mfukoni.

Basi halijaondoka bado, na daftari la mlezi lina tarehe za wiki zitakazofuata, jina kwa jina. Kijana aliyetoka kwenye kitubio Jumamosi akiwa mwepesi atakuwa Jumatatu kijiweni na bodaboda yake, miongoni mwa marafiki walewale, na mlezi ameshapanga kumfuata huko huko.