Mlima Unaotazamwa Kutoka Mazinde

Kitabu cha Abdallah bin Hemedi, *Habari za Wakilindi*, kilichochapishwa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen, kimesifiwa kwa ufasaha wa Kiswahili chake. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini yafaa tuulize: mwandishi aitazama milima ya Usambara akiwa amesimama wapi?

Milima hii si ya volkeno kama Kilimanjaro. Ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa juu ya nyika, nayo huzipokea pepo za Bahari ya Hindi na kupata mvua ambayo nyika haipati. Kwa hiyo wenyeji hutofautisha Shambaai, penye baridi na migomba, na nyika, penye joto na ukame. Kiishio -i hapo ni cha mahali, sawa na -ni yetu. Ndicho kilichomo katika jina la Kimweri ye Nyumbai. Basi Shambaai ni mahali pa kukaa kwanza, ndipo iwe jina la nchi.

Mwandishi hasimami mara nyingi kuieleza nchi hiyo, wala hana haja. Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu, apanda mlimani na nyama, naye apewa vyakula vya mashamba. Katika kupeana huko tofauti ya pande mbili imekwisha elezwa, tena bila maneno mengi. Huo ndio ubora wa kitabu.

Udhaifu waanza baada ya kufa kwake Kimweri, katika miaka ya 1860. Semboja aliishinda Vugha, lakini hakuhamia huko. Alimtawaza mwanawe, mwenyewe akabaki Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara na bunduki. Abdallah alikuwa mtu wa Semboja. Tangu hapo twasikia sana shauri la watawala, na kidogo sana sauti ya mkulima wa juu, ambaye shamba lake ndilo lililopiganiwa.

Sisemi kitabu kitupwe. Nasema kisomwe sambamba na masimulizi ya wenyeji, kama yale aliyoyakusanya Steven Feierman kwa historia yake ya mwaka 1974. Atakayeandika historia, au hata kamusi, kwa kukitegemea kitabu hiki peke yake, atakuwa amelichukua neno la Mazinde akalifanya neno la Usambara nzima.